Miayo Kumi na Saba

Mwayo wa kumi na saba ulimtoka Mwanahija saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa amelala chali gerejini chini ya jokofu la chanjo, na bisibisi aliyokuwa ameibana kwa meno ikamwangukia shavuni. Alijua ni wa kumi na saba kwa sababu bangili iliyombana juu ya kiwiko ilimwambia.

“Dalili za arosto zimevuka kiwango,” Mlezi akasema kutoka ndani ya bangili, kwa ile sauti yake ya shangazi wa redioni. “Miayo kumi na saba. Jasho jingi. Mapigo ya moyo yamepanda. Usingizi wa jana, masaa manne na nusu. Pole sana, Mwanahija. Leo saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, dozi yako itapandishwa kutoka miligramu kumi na mbili hadi arobaini na tano.”

Mwanahija akajitoa chini ya jokofu kwa kisigino na kiwiko, kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayowaka.

“Nimefunga, we chuma! Leo mwezi sita Ramadhani! Nimeamka kula daku, nimelala masaa manne, jua la Korogwe linanikaanga, unataka nisipige miayo?”

“Samahani, sijaelewa. Unasikia maumivu sehemu gani?”

Alitamani kuing'oa bangili palepale na kuipondaponda kwa spana. Lakini aliyefungua bangili alihesabiwa mtoro. Jina lake lilifutwa dakika hiyohiyo, akarudishwa mwisho wa foleni ya mkoa, na siku za kusubiri foleni hiyo alizipitia mkavu, bila tone la methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, akitapika na kujikunja kwa arosto hadi mifupa ikaomba kutoka nje ya mwili. Watu waliofika hapo walikuwa wanarudi kwenye unga kabla foleni haijawafikia. Mwanahija aliwajua kwa majina.

Yeye alikuwa ameshuka kutoka miligramu tisini. Miezi kumi na minne ilimchukua. Sista Eliwaza, nesi wa kituo, alimchorea njia hiyo kwenye karatasi ya kawaida: punguza kidogo, kaa wiki mbili au tatu, mwili ukilalamika simama hapohapo bila aibu, ukitulia punguza tena. “Methadoni haiachwi kwa ushujaa,” alimwambia siku ile. “Haraka ndiyo inayoua.” Na Mwanahija alisimama mara tano njiani, mara moja wiki saba nzima kwenye thelathini, akilia kila asubuhi, kisha akaendelea. Mwili uliofika kumi na mbili ulikuwa umekwisha sahau kubeba arobaini na tano. Ungelala, na pumzi ingelala nao.

Alitoka gereji bila kunawa mikono.

*

Kituo kilikuwa ndani ya ghala la zamani la mkonge, nyuma ya stesheni. Mwanahija na Sista Eliwaza walikiandikia barua miaka miwili hadi kikapatikana. Kabla ya hapo, mtu wa Korogwe aliyetaka kuachana na unga alipanda basi la alfajiri kwenda Tanga kila siku ya Mungu kunywa kikombe kimoja cha dawa, akarudi adhuhuri, na hakukuwa na mwajiri wa kumvumilia kwa hilo. Wengi waliacha dawa kwa sababu ya basi tu.

Mwanzoni kituo kilikuwa dirisha. Ulifika, Sista akakumiminia, ukanywa mbele ya macho yake, kisha akakuambia, “Sema.” Ilikulazimu kutamka neno, ajue dawa imeshuka kooni na hujaificha chini ya ulimi ukauze. Kila mtu alikuwa na neno lake. Mwanahija alitaja dozi ya siku. “Sitini na nane.” “Sitini na tano.” Watu wa nyuma yake kwenye foleni walikuwa wakimpigia makofi.

Mwezi mmoja baada ya Iddi iliyopita, Mlezi akaletwa. Bangili moja kwa kila mgonjwa, na ndani yake kifuko cha dawa na sindano nyembamba kama unywele. Bangili ilinusa jasho, ikasikiliza moyo, ikahesabu miayo na mafua na kutetemeka kwa ngozi, ikapeleka yote Makao Makuu ya Mlezi kwa mlingoti wa mtandao uliokuwa juu ya paa, na Makao yakaamua dozi. Dirisha likafungwa. Siku hizi Sista aliweka hapo chungu cha mchicha.

“Umeshachelewa, wewe ni wa tisa,” Sista alisema alipomwona mlangoni. Alikuwa mama wa Kipare, mnene, miwani imefungwa uzi shingoni. Mezani kwake kioo cha kompyuta kilionyesha majina sitini na moja, na tisa yalikuwa mekundu. “Wote ni mnaoshusha dozi na mliofunga. Mzee Sempombe yuko nje pale, anatolewa tano anapelekwa thelathini. Na kifua kile!”

“Sista, izuie.”

“Ningekuwa na kitufe cha kuizuia ungenikuta nimekaa?” Akampa simu, tayari inaita. “Zungumza nao wewe. Mimi nimeshazungumza hadi nimekosa adabu.”

“Makao ya Mlezi, unaongea na Hafidhi, nikusaidie vipi?”

Mwanahija akaeleza. Alijitahidi kueleza taratibu.

“Nimekuelewa, dada. Tatizo kwenye orodha ya sababu nina homa, mimba, hedhi, safari na msiba. Funga haipo.”

“Iandike kwenye msiba.”

“Dada, naomba tuheshimiane.”

“Huyo Mlezi wenu mlimfundishia wapi? Mwezini?”

“Alifundishwa kwa watu elfu arobaini, dada, miezi saba mfululizo.”

“Ilianza lini hiyo miezi saba?”

“Baada ya Iddi ya mwaka juzi.”

“Kwa hiyo hajawahi kumwona mtu aliyefunga.”

“Tulipoomba dozi zisogezwe baada ya futari, alikubali. Alibadilisha saa.”

“Alibadilisha saa! Na hakuna mtu hata mmoja huko kwenu aliyejiuliza kwa nini nchi nzima inahamisha saa ya dawa?”

Hafidhi alitaka kujibu, na badala ya jibu ukamtoka mwayo, mrefu, wa mtu ambaye hajaonja maji tangu alfajiri. Mwanahija aliusikia hadi mwisho wake.

“Wewe umefunga,” akasema.

“Nimefunga, dada.”

“Basi una arosto. Waambie wakupandishe.”

Kijana wa watu akacheka pasipo kupenda, kisha kicheko kikamfia. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa chini. “Nimeandika maombi tangu mwezi mbili Ramadhani. Wamenijibu yatapitiwa ndani ya siku ishirini za kazi.”

“Iddi itakuwa imefika. Mzee Sempombe tutakuwa tumeshamzika.”

“Najua.” Akapumua. “Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa mwisho. Kituo kikikosa mtandao dakika kumi, bangili zote za kituo hicho zinajifunga, na dawa inarudi mkononi mwa nesi mpaka mtandao urudi. Zote, siyo moja moja. Na Makao yanapata taarifa, na mkoa unakuja kuuliza. Sikushauri kitu, dada. Nimekusomea kitabu tu.”

Simu ikakatika.

Sista alikuwa amesikia. Aliinuka, akachota maji kwenye mtungi wa chujio, akaweka kikombe cha bati mbele ya Mwanahija.

“Kunywa. Kaa hapa kivulini nusu saa, mwili utatulia, Mlezi atakuona umetulia, kumi na mbili yako itabaki. Mungu wenu anamsamehe mgonjwa. Hata mimi Msabato najua.”

“Mimi leo siumwi.”

“Mwanahija, una miezi kumi na minne ndani ya huo mkono. Kunywa.”

Maji yalikuwa baridi, kikombe kilitoa jasho kwa nje. Mwanahija akakishika. Hakuwa mcha Mungu mkubwa, na asingejidai kuwa hivyo mbele ya mtu yeyote. Ila hii ilikuwa funga yake ya kwanza baada ya miaka tisa. Miaka ya unga alikula mchana kweupe, na mwaka mmoja, saa kumi na mbili kasorobo jioni, aliiba sufuria la futari jikoni kwa mama yake likiwa na magimbi ya nazi ndani, akaliuza vilevile, la moto. Mama yake alifuturu maji. Hakumsema. Alikaa tu mkekani akitazama mafiga yaliyobaki na moto wake.

Na mwaka huu, siku ya kwanza ya mwezi, mama yule alimgongea mlango na bakuli. “Daku, mwanangu.” Basi.

Akakiweka kikombe chini, maji yakamwagika nusu.

“Na wale wanane, Sista? Nao utawanywesha mmoja mmoja?”

“Wanaotaka kunywa nitawanywesha! Unafikiri napenda? Nikizima mtandao, yule mtoto Asnati anakufa. Unamjua Asnati. Mara mbili mwezi uliopita Mlezi alinusa unga kwenye jasho lake, akamzuilia dozi, akanipigia simu, tukamkuta kwenye reli. Mara mbili! Mimi jasho la mtu silisomi. Nina macho haya mawili na watu sitini na moja.”

*

Kwenye benchi la nje, Mzee Sempombe alikuwa amekaa na kofia yake magotini, bangili ikimwakia nyekundu kwenye mkono uliobaki ngozi na mfupa. Alikuwa amekata mkonge ujana wake wote, na vumbi lake bado lilikuwa kifuani, ukilisikia kila alipovuta pumzi.

“Ameniambia pole mara nne tangu adhuhuri,” alisema. “Watoto wangu wenyewe hawajaniambia mara nne mwaka huu.”

“Mzee, Sista anasema unywe maji.”

“Nimemsikia.” Akakohoa, akangoja kikohozi kimalizike. “Ramadhani thelathini nimekula mchana, mwanangu, nikiwa nimelewa hata sijui ni mchana. Hii moja niachieni.”

Upande wa pili wa benchi, msichana wa miaka ishirini na tatu alikuwa akibangua karanga na kutupa maganda miguuni mwake. Bangili yake ilikuwa ya kijani, kijani tulivu ya mgonjwa wa mfano. Miligramu tisini na tano. Alikuwa Mlutheri, na mbele ya wafungaji hakuona sababu ya kuficha karanga zake.

“Nimesikia mnataka kuzima,” Asnati alisema bila kuinua uso. “Ukuta wa mabati huo, dada Mwanahija. Na wewe ukikasirika, hata Mombo wanakusikia.”

“Asnati...”

“Sitaki.”

“Nisikilize kwanza.”

“Nisikilize wewe! Mkizima, nani ataniona? Nikichomoka usiku nikapata kete, nikaja hapa nikatabasamu, Sista atanimiminia tisini na tano juu yake, nitalala, basi. Mlezi hatabasamiwi. Ananusa.”

“Nitakuona mimi.”

Asnati akacheka, ganda la karanga likiwa limemganda mdomoni. “Wewe? Teja mwenzangu? Utaniona na nini?”

“Kwa macho haya. Nimefanya yote hayo kabla yako.”

“Sema unachotaka. Mzee anataka thawabu, wewe unataka namba yako ishuke upigiwe makofi. Na mimi ndiye wa kulipia. Sitaki. Umenisikia? Nimesema sitaki, na mzee huyu shahidi.”

Mzee Sempombe alitazama kofia yake.

Hasira ya Mwanahija ilikosa mahali pa kukaa. Tangu saa tisa ilikuwa na mtu wa kumrukia: chuma, Makao, orodha yenye hedhi na msiba lakini haina funga. Sasa mbele yake alikuwa na binti mwenye maganda ya karanga kwenye sketi, na binti huyo alikuwa na haki. Kuzima ilikuwa kumtoa Asnati kwenye mkono pekee uliokuwa umemshika. Kutozima ilikuwa kumlaza Mzee Sempombe leo na kumsubiri aamke. Akafikiria kumpelekea mzee maji kwa nguvu, amshike pua. Akafikiria kile kikombe, nusu yake bado imo. Angeweza kukimaliza, kwenda zake nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Saa kumi na moja na nusu, Sista Eliwaza akatokea mlangoni, akiifuta miwani yake kwa pindo la gauni.

“Fundi,” alisema. Hakuwa amewahi kumwita fundi. “Jokofu langu linanguruma. Hebu kaliangalie.”

Jokofu halikuwa linanguruma. Lilikuwa kimya tangu Mwanahija alipolibadilishia kompresa mwezi Rajabu. Ila chumba cha jokofu ndicho kilichokuwa na swichi ya mlingoti, naye Sista alikuwa ameuacha ufunguo ukining'inia kwenye kitasa.

Mwanahija akasimama. Alijua kwamba hata mambo yakienda vizuri, hata wote wakiamka kesho, hataweza kamwe kusema Asnati alikubali. Hilo alilibeba akaingia nalo ndani, akashusha swichi.

Dakika kumi ni ndefu. Alizikaa zote akiwa ameegemea jokofu, na zilipotimu, bangili ikazungumza mara ya mwisho: “Mtandao umepotea. Tafadhali kaa karibu na mtu unayemwamini.” Taa yake ikazima. Nje alisikia karanga zikitupwa ukutani, konzi nzima.

*

Adhana ilipoita, Sista alikuwa amekwisha kuondoa chungu cha mchicha. Alifungua dirisha kwa kulipiga bega, akatoa chupa ya akiba kabatini na daftari la zamani lenye majalada ya kijani, na kando ya daftari akaweka dawa ya puani ya kumwamshia aliyezidiwa, kifuniko kimefunguliwa kabisa. Watu walikuja kwa sababu bangili zimenyamaza. Walikuja na tende viganjani, wengine na vikombe vya uji, wakapanga foleni ileile ya zamani kana kwamba haikuwahi kuvunjika.

Mwanahija alisimama kando ya dirisha, akimtazama kila anayefika. Macho, kwanza. Kisha midomo, kucha, hatua. Hamsini na zaidi walipita mbele yake. Kuhusu wawili alimnong'oneza Sista, na Sista akawaambia wakae wangoje.

Mzee Sempombe akanywa tano yake.

“Sema.”

“Alhamdulillahi,” akasema mzee, akakohoa, akakaa benchini na tende yake ya pili.

Asnati alikuja mwisho. Alikuwa amepotea tangu swichi iliposhushwa, na sasa alitembea vizuri, akatabasamu vizuri, akamwamkia Sista shikamoo kwa sauti ya kwaya. Sista akaanza kumimina.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Katika mwanga ule mboni za kila mtu zilikuwa zimefunguka, pana, zikitafuta nuru. Za Asnati zilikuwa kama vitundu vya sindano.

“Usimpe,” Mwanahija akasema.

“Nini?”

“Usimpe, Sista. Amekwisha kula unga.”

Foleni nzima iligeuka. Tabasamu la Asnati lilibaki usoni kidogo, halikuwa limepata habari, kisha likaanguka.

“Muongo! Nimekaa na bangili yenu miezi mingapi, leo mnazima, saa moja tu, saa moja, halafu unanipigia kelele mbele za watu! Wewe ndiye uliyenitoa huko! Wewe!”

“Ndiyo, mimi.”

“Afadhali Mlezi. Angenizuilia kimyakimya. Tena angeniambia pole.”

Neno hilo lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa Mwanahija. Akalimeza. Alimshika Asnati mkono, akapigwa kofi la shingo, akamshika tena, akamketisha benchini kati yake na Mzee Sempombe. Asnati alitukana mpaka matusi yakamwishia, yakaanza kujirudia, kisha kichwa kikaanza kumwinama.

“Inua kichwa. Niambie ulichokula mchana.”

“Karanga. Umeniona. Mchawi wewe.”

“Na kabla ya karanga?”

Alimhesabia pumzi, mkono wake mgongoni mwa binti. Kumi na moja kwa dakika. Kumi. Akamwita Sista kwa jicho, Sista akasogeza ile dawa ya puani karibu. Tisa. Mwanahija akamfinya sikio kwa nguvu, akatukanwa upya, na tusi lile lilikuja na pumzi mbili nzima nyuma yake. Kumi. Kumi na mbili. Walikaa hivyo mpaka nzi wakaondoka kwenye maganda ya karanga na mbu wakaja.

Asnati alipoweza kushika kichwa chake mwenyewe, Sista alilitoa daftari dirishani.

“Mkoa watakuja kesho asubuhi. Wanaweza kutufunga. Hapa kuna mstari, ‘Aliyekata mtandao,’ na mwingine, ‘Sababu.’ Mimi nina mkono wa kuandika, naweza kuandika kuwa ni panya.”

“Lete kalamu.”

Mwanahija Semboja, fundi, aliandika. Kwenye sababu aliandika: Tumefunga. Mstari ulikuwa na nafasi kubwa, akaona ameacha jambo, akaongeza: Asnati Kihiyo alikataa, na nilikata.

“Umejifunga mwenyewe,” Sista alisema.

“Ndivyo ilivyokuwa.”

Sista akammiminia kumi na mbili, akaipima mara mbili kwenye mwanga wa simu. Ilikuwa chungu, yenye ule utamu wa bandia wa juu, ladha aliyokuwa ameisahau tangu sindano ilipoanza kumlisha. Akaimeza.

“Sema.”

Mwanahija akafungua mdomo, na kilichotoka kwanza kilikuwa mwayo, mpana, wa taya kulia na machozi kutoka. Ukamwambukiza Sista nyuma ya nondo. Ukampata Mzee Sempombe. Ukampata hata Asnati, aliyejaribu kuubana kwa hasira akashindwa. Hakuna aliyeuhesabu.

“Kumi na mbili,” akasema.